Mguu wa Kipimo

11 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza ugomvi na mashine ya kuchemshia vyombo, ambayo kila mwaka huchagua siku ya kwanza ya mvua kugoma. Nimeipiga kofi la ubavu ikawaka. Nina miaka kumi na minne katika chumba cha upasuaji, na kofi hilo ndilo jambo pekee ambalo sikufundishwa chuoni na bado halijaniangusha.

Daktari wetu wa mifupa, ambaye sote tunamwita Rula kwa sababu ya rula ya chuma isiyotoka mfukoni mwake, amebandika kalenda juu ya beseni la kunawia. Anastaafu mwisho wa Mei. Kila siku ikipita anaifuta kwa kalamu nyekundu. "Miaka thelathini na mmoja," ameniambia leo akijisugua viwiko, "sijarudia mguu wa mtu." Hakuwa anajisifu. Alisema tu, kama mtu anayetaja namba yake ya kiatu.

Nyumbani, bati la chumba cha Mama linavuja palepale pa mwaka jana. Nimeweka ndoo. Mdogo wangu ni fundi wa mapaa, kaezeka nusu ya mji huu, lakini paa la mamake anasema atakuja Jumapili. Jumapili ipi, hataji.

13 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara moja. Mezani, nyonga mbili na kidole kimoja. Miguu inaniwaka moto.

16 Machi

Mdogo wangu ameanguka.

Bati lilikuwa limelowa, akateleza, akashukia mguu wa kushoto. Mafundi wenzake wamemleta wamemlaza juu ya bati lilelile, wanne, kila mmoja kwenye kona yake. Muundi umevunjika katikati, vipande viwili, ngozi haikutoboka. Aliponiona akasema, "Dada, usimwambie Mama mpaka nichane nywele." Hapo nikajua hatakufa, nikamtukana kidogo, kisha nikaenda chooni nikalia.

Nimemjazia fomu mwenyewe maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kingo za kitanda. Jina, umri, dawa zinazomdhuru. Mstari wa saba unauliza mifupa iliyowahi kuvunjika. Nikaandika: hakuna. Kalamu haikusita hata kidogo.

17 Machi

Leo nitaandika yote, nikiweza.

Mwenzangu wa zamu yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo wa kumpa Rula vyombo ni mimi au hakuna. Aliniuliza mara mbili kama nitaweza kusimama mbele ya ndugu yangu. Nikamwambia nitaweza, mguu ni mguu. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Haya."

Mdogo wangu alichomwa ganzi ya mgongo, ile inayoua hisia kuanzia kiunoni kwenda chini na kumwacha mtu macho. Tukaweka pazia kifuani pake asione. Nilimsikia akimuuliza mtu wa ganzi kama chumba hiki kinavuja, na kama ataruhusiwa kuja kulitazama paa lake.

Rula alifungua chini ya goti, akapitisha waya wa kuongoza ndani ya mfupa, ukashuka, ukavuka palipovunjika, ukafika karibu na kifundo. Kisha akapanua njia, akagonga msumari mrefu wa chuma kufuata waya. Kazi yake huwa safi, hata siku ambayo ana haraka. Kwenye muundi kuna mambo matatu ya kupatia: urefu, unyoofu, na kugeuka. Urefu aliupima kwa rula yake, iliyochemshwa pamoja na vyombo vyote. Unyoofu tuliupima kwa kamba, mimi nimeishika nyongani, yeye kwenye kifundo, nayo ikapita katikati ya pia ya goti. Picha ya eksirei nayo ikakubali.

La tatu, picha haikwambii. Mfupa uliozungushwa ukiupiga picha kwa mbele unaonekana umenyooka tu. Ndiyo maana Rula ana desturi yake ambayo sijaiona kwa daktari mwingine: anaosha miguu yote miwili na kuiacha yote nje ya shuka za kijani, mzima ukilala kando ya uliovunjika. Mzima anauita mguu wa kipimo. Pia ya goti inaelekezwa darini, unatazama unyayo unaelekea wapi, kisha unaugeuza uliovunjika mpaka ufanane nao. Baada ya hapo ndipo zinapofungwa skrubu za chini, na mfupa hauna tena ruhusa ya kugeuka.

"Shika mguu wa kipimo," akaniambia.

Nikaushika. Mguu wa kulia wa mdogo wangu. Pia ya goti darini, na unyayo ukaangalia ukutani.

"Huu unatazama nje sana," Rula akasema. "Haujawahi kuvunjika huu?"

Aliniuliza mimi.

"Haujawahi," nikasema.

Nyuma ya pazia mdogo wangu akakohoa.

Rula akautazama ule unyayo kwa muda wa pumzi mbili tatu. "Basi ndivyo alivyoumbwa," akasema, akaugeuza wa kushoto kwenda nje mpaka ukafanana na mwenzake. Skrubu ya kwanza. Skrubu ya pili. Nilimkabidhi zote mbili kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Mguu ule ulivunjika. Nilikuwa na miaka tisa, yeye saba. Baba alikuwa amefariki, Mama akaenda chuo cha ualimu akatuacha kwa Shangazi, dadake Baba. Mdogo wangu alipanda juu ya paa la jiko kutafuta mpira, nami nikaiondoa ngazi ili anibembeleze. Hakunibembeleza, aliruka. Shangazi akaogopa kumwambia Mama kwamba mtoto kavunjikia mikononi mwake, akamwita jirani, wakaufunga mguu kwa vijiti na kanga kuukuu. Alipoinuka, unyayo ulikuwa umegeukia nje. Shangazi akatukalisha kitandani. "Mkiulizwa, hakuna aliyevunjika. Na wewe uliyetoa ngazi ndiyo kabisa ufunge mdomo."

Mama aliporudi, mdogo wangu alimkimbilia. Mama akasimama na mkono mdomoni, akamtazama anavyokuja. Akasema, "Mwendo wa babake huo." Akalia kwa furaha. Baba alikuwa anatembea ametanua miguu, ni kweli. Nani angesema neno baada ya hapo?

Shangazi amezikwa zamani. Uongo wenyewe tumeurithi sisi, na nimeusema mara nyingi kiasi kwamba leo ulinitoka mdomoni kama salamu.

18 Machi

Vidole vya mguu vina joto. Homa hana. Sijala.

21 Machi

Rula amepita wodini. Amemlaza mdogo wangu chali, akaweka rula kati ya visigino, akainama, akafumba jicho moja. "Pacha," akasema, akapiga godoro kofi la furaha. Wauguzi wote wakachungulia wakakubali. Nami nimekubali. Ni kweli ni pacha, na hapo ndipo penye balaa. Mguu mmoja ungekuwa tofauti na mwenzake, kila mtu angeuliza. Hii miwili imepotoka sawasawa.

Nimejiambia huenda si kitu. Wapo watu wengi duniani wanaotembea hivyo.

25 Machi

Ameanza kutembea kwa magongo. Wifi, mkewe, anamfuata nyuma amenyoosha mikono utadhani anafukuza kuku. Mvua haijakatika siku ya nne.

29 Machi

Ameruhusiwa, na njia nzima akataka kwanza apite kwa Mama. Mama alikuwa ameketi barazani na miwani yake ya kusahihishia, ingawa hana daftari la mtu la kusahihisha tangu astaafu. Alifundisha hesabu miaka ishirini na sita. Akamtazama anavyopanda kwa magongo, ngazi moja, ya pili.

"Sasa ndiyo kabisa," akasema, "babako miguu yote miwili."

Mdogo wangu akacheka. Mimi nikaenda kumwaga ndoo, ingawa ilikuwa nusu.

2 Aprili

Ndoo mara mbili. Kalenda ya Rula inazidi kuwa nyekundu.

6 Aprili

Nimekwenda kumwona mdogo wangu kwake. Wifi alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa ameketi mlangoni, magongo ukutani, na mbele yake, kwenye nyasi, ubao mmoja umelazwa. Wa upana wa kiganja.

"Nani kakuruhusu kupanda ubao?" nikamuuliza.

"Uko chini, Dada. Hata kuku anaupanda."

"Kuku hana msumari mguuni."

Hakucheka. Akanieleza polepole, kwa namna anavyowaeleza wenye nyumba kwa nini paa lao litavuja. Juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, fundi anatembea kwenye ubao kama huu. Miaka yote hii mguu wake wa kushoto ndio ulikuwa unaongoza, unakwenda na ubao, na wa kulia unakaa nyuma yake kwa upande, unazuia. Alishajifunza hivyo, na alikuwa hodari kuliko wenye miguu mizima. Sasa yote miwili inakaa kwa upande. Hakuna wa kuongoza. Jana amejaribu mara sita akishikilia gongo moja, na mara sita ameshuka. Na goti linamvuta kwa ndani.

"Nilikusikia," akasema.

Nilijifanya sijaelewa.

"Siku ile. Ganzi ilikuwa kiunoni, masikio nilikuwa nayo. Alikuuliza, ukajibu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Daktari anakuamini, umesimama pale na barakoa yako. Nikasema mwenyewe moyoni, Dada anaijua kazi yake." Akaokota kijiti akakivunja. "Na Mama naye. Acha tu. Nitachanganya zege, nitafyatua matofali, kazi za chini zipo. Usimwambie mtu."

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, mwavuli nikausahau kwake. Nina hasira na Shangazi aliyekufa, na Rula, na Mama na mwendo wake wa Baba, na hasira zote hizo ni za kukopa. Yenye haki ni moja, na ni juu yangu mwenyewe. Alikuwa na miaka saba akanificha. Ana thelathini na sita bado ananificha.

8 Aprili

Nimesoma kitabu cha mifupa cha maktaba ya hospitali saa nzima ya chakula. Wiki za mwanzo, kabla mfupa mpya haujawa mgumu, unafungua zile skrubu za chini, unageuza, unafunga upya. Kazi ya saa moja. Ukichelewa, lazima mfupa ukatwe kwa msumeno, na mgonjwa aanze mwanzo.

Nimehesabu siku kwenye kalenda ya Rula. Hata kalamu nyekundu inanisuta.

9 Aprili

Nimemwambia.

Tulikuwa wawili tu, yeye anapanga glavu kwa saizi, kazi isiyo yake. Nilisema yote, ngazi na kanga na fomu. Hakuacha kupanga. Nilipomaliza akasema, "Wiki tatu na siku mbili. Mfupa umeshaanza kushika."

"Ndiyo, daktari."

"Nani mwingine anajua?"

"Yeye mwenyewe tu."

"Basi nyamaza kwanza. Nipe siku mbili."

Akatoka, akaacha glavu za saizi saba juu ya za nane.

10 Aprili

Hajasema kitu. Ndoo mara tatu.

11 Aprili

Hajasema kitu, na leo ameondoka saa nane mchana, yeye ambaye hata siku ya ugonjwa huondoka wa mwisho. Siku ya leo kwenye kalenda ameifuta.

Sasa nimemwelewa. Zimebaki wiki saba za kustaafu na miaka thelathini na mmoja bila doa, kwa nini aichafue kwa ajili ya mpanda mapaa mmoja? Nilimheshimu mtu huyu. Nilimwiga hata namna ya kukunja kitambaa. Kumbe wote tumefundishwa na Shangazi mmoja. Nimemwandikia mganga mkuu barua, kurasa mbili, iko mfukoni mwa sare yangu. Kesho naitoa.

12 Aprili

Sikuwahi kuitoa.

Kwenye mkutano wa asubuhi, mganga mkuu hajamaliza hata kukohoa, Rula alisimama. Akasema kuna mguu ameufunga vibaya na anaomba chumba baada ya siku tatu ili aurudie. Watu wakadhani wamesikia vibaya. Akaendelea. "Nilikuwa na mashaka. Nikauliza swali, nikapewa jibu, nikalishika jibu kwa sababu lilinirahisishia. Mwenye mguu alikuwa macho nyuma ya pazia, umbali wa mkono, na mimi nikamuuliza muuguzi. Macho yangu yalikataa, nikayanyamazisha."

Hakusema kwamba muuguzi alidanganya. Ilibidi nisimame niseme mwenyewe. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto.

Kumbe siku zote mbili alikuwa anapita kwa mdogo wangu. Alikwenda na rula yake, akampima, akamtembeza, akampeleka kupigwa picha, akamwuliza kila kitu kwa kinywa chake mwenyewe, na kumsihi akubali kurudi mezani. Wifi ananiambia siku ya pili alimkuta daktari mzima amepiga magoti kwenye nyasi, amelowa, anatazama mtu anavyopanda ubao. Nami nilikuwa nimeshamzika.

Nimetolewa chumba cha upasuaji. Miezi sita stoo ya vyombo, na barua ya onyo kwenye faili. Ni haki yangu.

Baada ya mkutano alinisimamisha kwenye ukumbi. "Tatizo letu sasa," akasema, "mguu wa kipimo hatuna. Miguu ya watu haifanani, mmoja unatazama mbele kabisa, mwingine nje kidogo. Nimekisia mara moja. Sitaki kukisia tena." Akaniuliza kama kuna picha ya zamani, viatu vya zamani, chochote kinachoonyesha mguu wa kushoto ulivyokuwa ukisimama.

Nikakumbuka baraza.

13 Aprili

Baraza ya Mama ilipigwa sakafu na mdogo wangu akiwa na miaka kumi na minne, kazi yake ya kwanza. Alipomaliza, akavua viatu, akasimama katikati kwenye saruji mbichi apigwe picha. Picha haikutoka. Nyayo zimebaki mpaka leo, miguu miwili, na Mama hajawahi kuruhusu mtu azifukie.

Rula amekuja mchana, mvua imepungua kidogo. Nilimwambia Mama ni mambo ya hospitali. Akasogeza kiti akatazama. Rula akapiga magoti, akatoa rula, akaanza kuhangaika na penseli. Mama akavumilia kwa muda, kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na kile kipimapembe chake kikubwa cha mbao cha ubaoni, alichopewa siku ya kuagwa.

"Pembe haipimwi kwa rula, mwanangu," akamwambia mtu mwenye miaka sitini kasoro. "Chora mstari wa katikati kwanza. Kutoka ukutani, uwe wima. Haya. Sasa katikati ya kisigino mpaka kidole cha pili."

Rula akachora. Mama akainama, akaweka kipimapembe kwenye unyayo wa kushoto.

"Soma."

"Kumi na tatu," Rula akasema.

"Inamia vizuri. Nyuzi kumi na mbili." Akakihamisha kwenye unyayo wa kulia. Hakumwambia mtu asome. Alisoma mwenyewe, akasoma tena. "Thelathini na tano."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ukingo wa bati. Mama hakuinuka.

"Mtu haumbwi hivi," akasema. "Tofauti ya nyuzi ishirini na tatu. Mguu huu ulivunjika lini?"

Rula alinitazama mimi. Safari hii hakunisaidia, na sikutaka anisaidie. Nikapiga magoti pale sakafuni nikamwambia Mama. Chuo chake, paa la jiko, ngazi, kanga, kitanda tulichokalishwa. Nikamwambia na fomu. Alisikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza mtoto anayeeleza kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani.

Nilipomaliza akasema, "Miaka ishirini na tisa nimekuwa nikisifia kuvunjika kwa mwanangu."

Akafuta vumbi kwenye kipimapembe kwa upindo wa gauni, akaingia chumbani kwake. Tangu hapo hajanisemesha. Nimesikia ndoo ikidondokewa tone kwa tone, na sijathubutu kuingia kuimwaga.

Rula ameondoka na waya mwembamba alioukunja juu ya mistari ile, pembe ya nyuzi kumi na mbili. Nitauchemsha kesho mwenyewe. Stoo sikukatazwa.

15 Aprili

Nimekaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, mara ya kwanza maishani. Ni benchi baya, mbao moja imelegea. Wifi kulia kwangu, Mama mwisho kabisa, mkoba mapajani. Hakunitazama, ila mbao ile ilipokuwa inanibana aliusogeza mkoba wake nikapata nafasi.

Nilikuwa najua kila kinachofanyika nyuma ya mlango, ndiyo ilikuwa adhabu. Sasa wanafungua skrubu za chini. Sasa ameushika unyayo. Mfupa mpya unakuwa kama gundi ambayo haijakauka, haukubali kwa mara moja, lazima uushawishi. Nilisubiri kusikia nyundo. Sikuisikia. Ikapita saa moja, ikapita na robo, na Wifi akawa ananiuliza kila dakika kama ni kawaida, nami namwambia ni kawaida, na safari hii sikuwa na hakika.

Rula akatoka, barakoa shingoni, jasho mpaka kwenye nyusi. Alimpita Wifi, akanipita mimi, akasimama mbele ya Mama.

"Kumi na mbili," akasema. "Nimemsomea na mwenyewe nyuma ya pazia, akasema ni sawa."

Mama akaitikia kwa kichwa.

Nilipita beseni la kunawia nikienda stoo. Kwenye kalenda, leo hakuifuta. Ameandika kwa kalamu ileile nyekundu: 1.

24 Aprili

Jeraha limekauka. Stoo ina panya. Mama anaongea na mimi kupitia kwa watu: "Mwambieni chumvi imekwisha."

7 Mei

Mvua, ndoo mara nne, rekodi ya mwaka. Mdogo wangu anakanyaga kwa gongo moja. Goti halimvuti tena. Nimemwuliza mguu wa kulia je, kama anataka nao unyooshwe. "Uache," amesema. "Huo nimeshauzoea, na ndio unaonizuia nisianguke."

31 Mei

Rula ameagwa kwa soda na hotuba ndefu za watu wengine. Yake ilikuwa fupi: amerudia mguu mmoja, na anaomba asiyepata kurudia asijisifu mapema. Kisha akanipeleka kwenye kabati la fomu. Zimechapwa upya. Mstari wa saba sasa una maneno ya ziada: mgonjwa ajibu mwenyewe, kwa sauti.

Sikumwambia kuhusu barua ya kurasa mbili. Niliichana nyuma ya stoo.

14 Juni

Siku ya tano bila mvua. Ni Jumapili.

Mdogo wangu amekuja bila magongo, na ngazi begani mwa Wifi. Mtu wa mazoezi ya viungo amemruhusu vipandio vitatu, si zaidi, na paa la chumba cha Mama ni la chini, ukiwa kipandio cha tatu tundu unalifikia kwa mkono. Kwanza alipanda barazani akavua viatu, akasimama juu ya nyayo zake za miaka kumi na minne. Visigino vimezidi, ameshakuwa mtu mzima. Lakini mguu wa kushoto ulielekea kulekule. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Alitazama ule wa kushoto, kisha akautazama ule wa kulia, kwa muda mrefu zaidi.

Kisha tukaenda nyuma. Mdogo wangu akaegemeza ngazi ukutani, akaitikisa, akaniita.

"Dada, njoo unishikie."

Wifi alikuwa karibu zaidi. Aliniita mimi.

Nikaishika kwa mikono yote miwili. Kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nyayo zake zilikuwa mbele ya uso wangu, mmoja unatazama mbele, mwingine nje. Nilimsikia Mama akija nyuma yangu, kandambili zikiburura kwenye udongo uliokauka, akasimama karibu kabisa.

"Usiiachie," akaniambia.

Ni neno la kwanza kunisemesha tangu siku ya nyayo. Mdogo wangu akapaka lami, akagongea kiraka, akakigonga tena, akashuka, akanipangusia lami kwenye pua akicheka. Alikuwa ameshanawa na kuketi barazani wakati Wifi alipokuja kuniambia naweza kuiachia ngazi sasa.